Bei ya Jina

Ukimsimamisha mtu yeyote pale Tabata ukamwuliza kufundisha watoto kuchora kunahitaji nini, atakujibu bila kufikiri: karatasi, rangi, na watoto wenyewe. Akiwa mchangamfu ataongeza kivuli cha mwembe. Lakini ndugu msomaji, iko namna nyingine ya kulijibu swali hilo, na jibu lake lina sura 23. Nimezisoma zote, nyingine mara tatu, nyingine kwa mwanga wa simu umeme ukiwa umekatika, kwa sababu mama mdogo alikuwa anataka kuzitia sura hizo kiinua mgongo chake chote.

Mama mdogo alifundisha shule za msingi za serikali kwa miaka 34. Alifundisha kila kitu, kama walimu wa zamani walivyofundisha, lakini ukimwuliza yeye ni mwalimu wa nini, atakwambia kuchora. Somo lenyewe limebadilishwa majina mpaka basi. Mara stadi za kazi, mara haiba na michezo, kisha mtaala wa 2023 ukaja na sanaa na michezo. Majina yakipita, yeye alibaki na kipande kilekile cha chaki. Kiongozi cha mwalimu hakikumfikia, au kilifika kimoja kikafungiwa kabatini. Kila Ijumaa usiku, tangu mimi mtoto, nilikuwa namwona anakaa na taa ya chemli akibuni somo la wiki ijayo: leo kikombe, kesho kuku, keshokutwa mama anayetwanga.

Basi akastaafu. Kikokotoo kikapita juu yake kama kilivyopita juu ya wenzake, kile kilichozua maneno nchi nzima mwaka 2018 hata kikasitishwa, kisha kikarudi kwa sura nyingine Julai 2022. Kilichoingia benki ni milioni 38 na ushei. Kwetu sisi hizo ni fedha nyingi, watu wakaanza kupita kusalimia ambao walikuwa hawajasalimia tangu msiba wa babu. Yeye alitukalisha kikao, akagawa kwa mdomo tu, bila karatasi: paa la nyumba, kisima, akiba ya maradhi. Kisha akanigeukia. "Na milioni 2 na nusu za kitabu chako."

Msomaji, elewa nilivyosikia. Riwaya yangu iko katika kaunta buku nne, imeandikwa mara mbili, na mchapaji mmoja wa Kariakoo alishanipigia hesabu ya nakala 500 kwa sharti kwamba gharama zote ni zangu. Siku ile nililala nimevaa viatu.

Wiki tatu baadaye kaka, mtoto wake wa kwanza, akatuma ujumbe kutoka Houston. Kaka yuko Marekani mwaka wa kumi na moja. Binti yake wa miaka saba anapelekwa kila Alhamisi jioni, masomo yakishaisha, kwenye darasa la kuchora linalofanyika palepale shuleni kwao. Mwalimu anakuja na begi, watoto wanachora kwa saa moja, wanaondoka na picha. Mwalimu huyo si wa shule. Ana bosi wake, mama mmoja wa mtaa wa pili, na mama huyo naye amenunua haki ya kutumia jina, masomo na nembo ya kampuni iliyo jimbo jingine kabisa. Wenyewe huiita franchaizi. Ni mtindo uleule wa maduka ya kuku wa kukaanga, ila hapa kinachokaangwa ni kalamu za rangi. Kaka alituma picha ya simba aliyechorwa na mtoto, na kijitabu cha kurasa mia mbili na kitu. "Mama, achana na mambo ya kisima. Chukua hii, ifungue Dar, mimi nitaongezea."

Mama mdogo aliangalia yule simba kwa muda mrefu. Hakuwa mbaya, simba yule.

"Soma wewe," akaniambia. "Wewe ndiye mwenye Kiingereza kirefu."

Kidato cha nne changu hicho! Lakini ni kweli nakisoma, nimekipata katika riwaya za mitumba zinazotandazwa chini kule Posta. Nikakichukua kijitabu.

Nikisome vipi kama si kwa namna ninayoijua? Nilikisoma kama riwaya, nikitafuta ni nani anataka nini na nani anamficha nani. Na kumbe hicho kijitabu kina msimuliaji asiyeruhusiwa kunyamaza. Serikali ya Marekani, kupitia tume yake ya biashara, ina kanuni iliyoanza kutumika mwaka 1979 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2007, kwamba anayeuza haki ya jina la biashara lazima amfunulie mnunuzi mambo 23, kwa mpangilio uleule, na ampe kijitabu hicho siku 14 kabla hajatia saini wala kutoa senti. Siku 14! Hapa kwetu nimeona watu wakiuziwa kiwanja kabla chai haijapoa.

Sura za mwanzo ni za kujitambulisha: kampuni ni nani, wakubwa wake wamefanya kazi wapi, nani amewashtaki, nani amefilisika. Nilizipita haraka. Sura ya 5, ya 6 na ya 7 ndizo za fedha, na hapo nikakaa.

Ya 5 ni ada ya kuingia. Katika kijitabu chetu ilikuwa dola 25,000 kwa eneo moja, nasi tulipokadiria dola kwa shilingi 2,500 tukapata milioni 62 na nusu. Hiyo unalipa mara moja, hairudi hata ukifunga mwezi wa pili. Ya 6 ni ada nyingine zote: asilimia fulani ya mauzo kila mwezi, mchango wa matangazo, malipo ya programu ya kompyuta, ada ya kurudia mkataba muda ukiisha, ada ya kuuza biashara yako kwa mwingine, faini ya kuchelewa. Ya 7 ni jedwali la kukujumlishia kila kitu hadi utakapofungua mlango: nauli ya kwenda kwenye mafunzo, bima, vifaa vya kuanzia, fedha za kujikimu miezi mitatu ya mwanzo. Nilipofika mwisho wa jedwali nikatoka nje kunywa maji.

Neno lililonikaa rohoni lilikuwa moja: mrabaha. Ndilo neno la Kiswahili la ile asilimia ya kila mwezi. Mimi mrabaha nimeujua kama ndoto ya mwandishi, yaani umeandika, umelala, mtu ananunua kitabu Mwanza nawe unaletewa chochote kitu. Humu ndani mto umegeuka unapanda mlima. Anayeamka, anayepanda daladala na begi la kalamu, anayefuta makamasi ya watoto, huyo ndiye anayelipa mrabaha. Na unakatwa kwenye mauzo, siyo kwenye faida. Mwezi uliopata hasara nao unadaiwa. Tena kijitabu chetu kiliweka kima cha chini: dola 300 kila mwezi, upate usipate.

Tulipiga hesabu juu ya meza ya kulia, mimi na mama mdogo, kwa nyuma ya kalenda. Dola 300 ni shilingi 750,000. Mtoto wa Tabata, mzazi wake akijitahidi, atalipa 10,000 kwa mwezi, Jumamosi nne. Kwa hiyo watoto 75 wachore mwezi mzima ndipo tuwe tumelipa jina tu, bado karatasi, bado msaidizi, bado pango. Na jirani yetu mmoja mhasibu akatuongezea chumvi: mrabaha ukilipwa nje ya nchi, sheria yetu ya kodi inataka ukate asilimia 15 ya zuio uipeleke TRA. Mkataba nao unasema kampuni ipokee dola 300 kamili, makato ni juu yako. Basi siyo watoto 75 tena, ni 89.

Usidhani mama mdogo alikaa kimya. Mwalimu wa miaka 34 hafundishwi hesabu na mtu aliyemfundisha kuhesabu.

"Nani kakwambia nitafundisha Tabata?" alisema. "Nitakwenda Masaki. Nitakwenda Mbezi Beach. Kule mzazi anatoa laki kwa mwezi, akiona jina la Marekani anatoa na shukrani. Watoto 9 tu, nimemaliza kima chako cha chini."

Nikanyamaza, maana ni kweli. Jina linauza. Mimi mwenyewe ninaponunua riwaya pale chini Posta huanza kwa jina la mwandishi lililoko jaladani. Wakati huohuo nikijua, na yeye akijua, na kaka kule Houston akijua, kwamba kila "hapana" ninayoitamka inalinda milioni 2 na nusu za kitabu changu. Kaka alilisema waziwazi kwenye simu. "Wewe unamkatisha tamaa mama ili akulipie hadithi zako." Alikuwa ameweka spika, mama mdogo akasikia. Hakuna aliyejibu. Nilimwambia mama mdogo usiku ule kwamba fedha za kitabu nazitoa kwenye hesabu, azifute, kisha tuendelee kusoma. Alifuta. Alichukua kalamu kweli akafuta, na wala hakusema pole.

Tukaendelea, sasa mimi nikiwa sina cha kulinda.

Sura ya 8 inakuambia ununue wapi vifaa vyako. Ya 12 inakuambia eneo lako linaanzia wapi na linakomea wapi, na kama kampuni inaweza kumleta mwingine pembeni yako. Ya 16 inasema utafundisha kile tu walichokuidhinishia. Hii nilimsomea polepole. Kila wiki kuna somo lililopangwa, hatua kwa hatua: duara hapa, mstari pale, watoto wote wanakwenda pamoja, mwisho wote wana simba. Mwalimu habadilishi. Nikadhani atakasirika. Loo, uso ulimkunjuka!

"Kila wiki? Limeshaandaliwa?"

"Limeshaandaliwa."

"Na picha za mfano?"

"Na picha za mfano."

Akaegemea kiti. Ndipo nilipoelewa anachotaka kununua. Halikuwa jina. Mwanamke huyu alibuni masomo Ijumaa usiku kwa miaka 34 bila mtu kumpa hata ukurasa mmoja, na sasa mtu anamwambia kuna mahali ambapo Ijumaa usiku unalala. Kwa hilo angetoa hata kiwanja cha Kibaha. Na alikuwa anafikiria kukitoa, alikuwa amekwishamwuliza dalali.

Mimi na uandishi wangu tunaona kubuni ndiyo starehe yenyewe. Ningelipwa nisibuni ningekataa. Lakini mimi nina miaka 24 na ninabuni nikitaka, sina watoto 60 darasani Jumatatu asubuhi. Kwa hiyo sikumhubiria.

Nilichofanya ni kumsimulia juu ya mtu mmoja niliyemsoma, Franz Cižek, aliyefungua darasa la kuchora la watoto kule Vienna mwaka 1897. Huyu bwana aliamini mtoto ana uchoraji wake mwenyewe, na kazi ya mwalimu ni kumpa nafasi na vifaa, siyo kumpa mfano wa kunakili. Watu walitoka nchi za mbali kuja kulitazama darasa lake. Mama mdogo akasikiliza, akauliza: "Darasani alikuwa na watoto wangapi?" Halafu akacheka. "Watoto wangu ukiwaambia chora unachotaka, wote wanachora bendera." Anajua anachosema. Kuna mtoto anayehitaji kwanza kuonyeshwa kwamba duara mbili zinaweza kuwa kuku, ndipo mkono wake unaamini. Baadaye mwenyewe ataharibu kuku ampendavyo. Ubishi huo wa wataalamu una zaidi ya miaka mia, mama mdogo aliumaliza kwa sentensi moja na kurudi kwenye sura ya 17.

Sura ya 17 ndiyo ya kuachana. Mkataba ni wa miaka 10. Ukiisha, au ukivunjika, unarudisha vitabu vyote, unaondoa nembo, na kwa miaka 2 huruhusiwi kufanya biashara inayofanana na hiyo ndani ya eneo lako.

"Inayofanana ni ipi?"

"Kufundisha watoto kuchora kwa malipo."

"Yaani miaka 2 nisifundishe kuchora?" Alivua miwani. "Mimi?"

Sikuongeza neno. Nje muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake, akapita mpaka mwisho wa mtaa.

Sasa sura mbili ambazo ningependa kila kijana mwenye ndoto ya biashara ya jina la mtu azijue. Ya 19 ni ya mapato: hapo ndipo kampuni inaweza kukueleza waliotangulia wanapata kiasi gani. Inaweza, lakini hailazimishwi. Ikiamua kusema lazima iwe na msingi wa kusemea, ikiamua kunyamaza inaandika tu kwamba haitoi maelezo hayo. Yetu ilinyamaza. Baada ya kurasa na kurasa za kile utakachotoa, ukurasa mmoja mtupu wa kile utakachopata. Katika riwaya, mhusika akiulizwa swali akatazama dirishani, msomaji ndipo hukaa vizuri.

Ya 20 ni majedwali: matawi mangapi yamefunguliwa, mangapi yamefungwa, mangapi yamehamia mikono mingine, mwaka kwa mwaka kwa miaka mitatu. Na mwishoni wanaambatisha majina na simu za wenye matawi, pamoja na za wale walioondoka mwaka uliopita. Walioondoka! Sheria inawalazimisha wakupe simu za wale waliowakimbia. Mama mdogo alipoelewa hilo alinyoosha mkono. "Nitajie mmoja."

Tukampata mama mmoja kwa WhatsApp, baada ya siku nne za kulenga saa ambazo huko ni mchana na huku sisi bado macho. Mama mdogo akazungumza mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha ubaoni, kila neno limesimama wima. Yule mama hakuitukana kampuni. Alisema masomo ni mazuri, mafunzo yalikuwa mazuri, watoto walifurahi. Kilichomshinda ni kwamba aliingia ili afundishe, akajikuta muuzaji. Asubuhi anapigia simu shule, mchana anaendesha gari kwenda kuonana na wakuu wa shule, jioni anatafuta mwalimu wa kumshikia nafasi aliyeumwa. Darasani aliingia miezi ya mwanzo tu, kisha akawa anawalipa wengine waingie. Walipoagana, mama mdogo alimwuliza kama sasa anachora. Akasema ndiyo, na wajukuu.

Aliweka simu mezani akakaa nayo kama mtu aliyepokea habari za msiba wa mbali.

Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo lingetosha peke yake. Kanuni ile nzuri ya siku 14 na sura 23 inamlinda anayefungua biashara ndani ya Marekani na maeneo yake. Kampuni ikimwuzia mtu wa Dar es Salaam, hailazimiki kumpa chochote. Kijitabu alichotuma kaka kilikuwa cha watu wa kule. Tulipowaandikia, walitujibu kwa adabu sana kwamba nje ya nchi yao hawauzi eneo moja moja, wanauza haki ya nchi nzima kwa mtu mmoja, naye ndiye awauzie wengine, na bei yake ilikuwa zaidi ya maradufu ya ile ya kwanza. Hapakuwa na kijitabu cha bei hiyo, kulikuwa na barua pepe. Afrika Kusini wenzetu angalau wana sheria ya kumlinda mlaji ya mwaka 2008, inayompa mnunuzi wa haki ya jina siku 10 za kazi baada ya kutia saini abadili mawazo bila kutozwa. Kwetu Tanzania hatuna sheria yake mahsusi. Unabaki na sheria ya mikataba, na wakili utakayemlipa.

Kaka alikasirika, hilo lazima niliseme. Alikuwa amejitolea nusu ya fedha, na katika mawazo yake sisi tumekataa msaada kwa uoga wa kiswahili. Mpaka leo akipiga simu anaongea na mama yake tu. Nami simlaumu sana, maana ukitazama kutoka kule, darasa lenye nembo, fulana na bima linaonekana kitu cha maana, na mwembe unaonekana mwembe.

Mwezi uliofuata tulianza kuzunguka kutafuta mahitaji ya hapa. Haya nayaandika kwa sababu watu huyaogopa bure. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, ada yake ilitutoka 20,000. TIN ni bure, unaipata TRA, japo foleni siyo bure kwa miguu. Leseni ya biashara iko halmashauri. BASATA, lile Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, husajili shughuli za sanaa. Jambo lenye uzito ni la watoto wenyewe. Ukisema unafungua shule, unaingia katika sheria ya elimu na masharti yake ya majengo na walimu. Ukikaa na watoto wadogo kutwa nzima, umekuwa kituo cha kulelea watoto mchana, hapo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na watu wa ustawi wa jamii wana haki ya kukugongea mlango. Mama mdogo akaamua: saa mbili tu, Jumamosi, umri wa miaka 6 na kuendelea, mlango wazi, na kila mzazi aandike jina la mtu atakayemchukua mtoto. Hakumkubali hata mjomba ambaye hakuandikwa. Mjomba mmoja alitukana sana.

Mkopo wa halmashauri tulifikiria pia, ile asilimia 10 ambayo 4 ni ya wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Ulikuwa umesimamishwa mwaka 2023, ukarudi 2024. Hauna riba, lakini unataka kikundi, na mama mdogo hapendi vikundi. Alisema amekaa kwenye vikao vya walimu miaka 34, inatosha.

Kwa vifaa tulitumia chini ya laki mbili. Rimu mbili za karatasi, penseli, boksi 15 za kalamu za nta, rangi za maji, brashi, na mikeka mitatu kwa sababu meza zilikuwa ghali. Hadibodi tulipata vipande vya bure kwa fundi seremala. Hilo la hadibodi lina historia yake hapa mjini. Edward Said Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 juu ya vipande vya namna hiyo kwa rangi za mafuta, zile za kupaka baiskeli, kwa sababu ndivyo vilivyopatikana. Aliuza Oysterbay kwa wapita njia. Polisi walimpiga risasi kwa bahati mbaya mwaka 1972, akiwa amechora miaka minne tu. Aliacha ndugu na wanafunzi wachache wakiendeleza mtindo wake, wakafundisha wengine, na hao wengine, hadi mwaka 1990 wakawa na ushirika wao. Leo jina lake ni jina la mtindo mzima, linauzwa mpaka Zanzibar na Nairobi, na anayechora tembo wa madoadoa hamlipi mtu mrabaha. Vijana wa fasihi hupenda kulisifu jambo hili kwamba ndiyo sanaa ya umma. Mimi huwa nawaza pia juu ya warithi wake, kama waliambulia kitu. Kati ya kampuni inayodai dola 300 upate usipate na jina lililokuwa la kila mtu, pana nafasi kubwa, na sijaona aliyeichora ramani.

Jumamosi ya kwanza walikuja watoto 6, wawili ni wa jirani na hawakulipa. Ya nne walikuwa 14. Mama mdogo aliwapa kikombe. Wote wakachora kikombe, mmoja akakiwekea miguu. "Huyu mwache," akaniambia. Mimi ndiye msaidizi, nalipwa 40,000 kwa mwezi, nafuta mikeka na kuchonga penseli.

Ijumaa usiku taa inawaka tena, sasa ya sola. Ila safari hii haandai na kutupa. Anaandika kila somo kwenye kadi ya manila, hatua zake upande mmoja, picha ya mfano upande wa pili, na chini kuna mstari anaouita "mtoto akikataa", yaani la kufanya mtoto asipofuata. Kadi zimefika 43. Ninazichapa mimi kwenye kompyuta ya stationery ya pale kituoni, na nikiwa nachapa huwa naona wivu kidogo, maana zinasomeka kuliko kaunta buku zangu nne.

Mwezi uliopita mwalimu mwenzake aliyestaafia Morogoro alikuja kumtembelea, akaziona, akaziomba. Nikadhani atampa tu, ni rafiki yake wa chuo. Akamwambia arudi baada ya wiki. Usiku ule akanikalisha mezani, akavaa miwani, akasema andika. Ada ya mwaka 30,000. Kadi zisibadilishwe jina, lakini masomo abadilishe apendavyo. Akiacha, aendelee kufundisha kuchora popote. Nikamwuliza asilimia ya kila mwezi. Akafikiri. Akasema hapana, kisha akasema acha nafasi.

"Na ile namba 19," akasema. "Weka."

"Tuweke nini?"

Akatoa daftari la mahudhurio, akaanza kunisomea mwezi kwa mwezi: kilichoingia, kilichotoka, Jumamosi ya mvua ambayo walikuja watoto 3, mwezi wa Desemba tuliofunga na hasara ya 11,500. Nikauliza kama na hiyo ya Desemba niandike.

"Andika," akasema. "Na watoto wa jirani wasiolipa, waandike pia."